Umeme na jiko kwenye vani ya kambi: anza na moto, ndipo uje kwenye betri

Watu wengi wakipata vani ya kugeuza kuwa nyumba ya safarini, kitu cha kwanza wanachokitazama ni paa. Wanapima paneli ngapi za sola zitaenea, wananunua betri inayoonekana kubwa, wanaongeza inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani), na mwisho kabisa ndipo wanajiuliza watapikia nini. Nakuomba upindue mpangilio huo. Taa, simu, feni na hata friji ni walaji wadogo. Mlaji mkubwa ni joto, na joto la vani linatoka jikoni. Ukishakata shauri utapika kwa nini, ukubwa wa betri, paneli, nyaya na inveta unapatikana kwa hesabu tu. Usipokata shauri mapema, utanunua vitu mara mbili.

Mimi nimefunga mfumo wa namna hii, nikaufumua, nikaufunga upya. Haya ndiyo ninayoyafuata sasa.

Hatua ya 1: Chemsha lita moja ya maji kwenye karatasi

Kabla hujaenda dukani, shika kalamu. Lita moja ya maji ikitoka nyuzi 20 hadi nyuzi 100 inahitaji wati-saa 93 (wati-saa moja ni wati moja ikitumika kwa saa moja). Hilo ni umbile la maji, halibadiliki kwa aina ya jiko wala kwa maneno ya muuzaji. Kinachobadilika ni kiasi kinachopotea njiani. Jiko la induksheni, lile linalopasha sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku, linaingiza kwenye sufuria kama asilimia 85 ya umeme linaoupokea, na inveta nzuri inakuwa imeshapoteza asilimia 10 hivi kabla umeme haujafika jikoni. Kwa hiyo betri inatoa karibu wati-saa 120 kwa kila lita, sawa na ampea-saa 10 hivi kwenye mfumo wa volti 12 (wati-saa ukizigawa kwa volti unapata ampea-saa).

Sasa igeukie gesi. Mwali wa gesi unamwaga joto jingi pembeni mwa sufuria, na kinachoingia majini mara nyingi hakifiki nusu. Lakini kilo moja ya gesi ya mtungi imebeba karibu kilowati-saa 13. Hata ukipoteza zaidi ya nusu, kilo hiyo inachemsha kama lita 60 za maji pasipo upepo. Betri ya lithiamu ya ampea-saa 100, yenye uzito wa kilo 11 hadi 13, ikijaa pomoni inachemsha lita 10 hivi, kisha imekwisha, na friji bado inaisubiri. Ukiziweka namba hizo mbili sambamba, utaona kwa nini mitungi haijatoka kwenye vani hadi leo.

Hiyo haina maana kwamba umeme haufai kupikia. Jiko la induksheni halina mwali, halili hewa unayopumua, na linazimika papo hapo ukiondoa sufuria. Sufuria ya presha ya umeme ndiyo inayonifurahisha zaidi: inavuta wati 700 hadi 1,000 wakati wa kupasha, lakini ikishapata presha inavuta kwa vipande vidogo tu, kwa sababu joto limefungiwa ndani. Chakula kinachotaka saa nzima juu ya jiko la kawaida hupikika humo kwa sehemu ndogo ya nishati hiyo. Themosi nzuri nayo ni chombo cha nishati kama betri ilivyo. Maji uliyoyachemsha saa sita mchana wakati paneli zimejaa jua yatakuwa bado moto jioni, na hutagusa betri.

Vifaa viwili viangalie kwa jicho la pili. Birika linalochomekwa kwenye tundu la volti 12 huwa na wati 150 hivi. Gawanya 93 kwa 150 utapata dakika 37 kwa lita moja, na hapo hujahesabu joto linalotoroka. Na maikrowevu iliyoandikwa wati 700 inamaanisha joto linaloingia kwenye chakula. Kutoka kwenye inveta inaweza kuvuta wati 1,100 au zaidi.

Ushauri wangu kwa vani ya watu wawili ni mchanganyiko: jiko la gesi la mafiga mawili kama msingi, na jiko dogo la induksheni au sufuria ya presha ya umeme kwa siku ambazo jua ni jingi au umeendesha masaa mengi. Anayetaka umeme mtupu anaweza, ila akubali betri mara mbili na paa lililojaa. Anayetoka mara chache kwa siku moja au mbili ataridhika na jiko la spiriti, ambalo halina presha wala mabomba, pamoja na kituo cha umeme cha kubeba mkononi. Mkaa usiwashe ndani ya gari kabisa, hata milango ikiwa wazi, hata yakiwa makaa mawili ya kupasha mikono. Unatoa monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu, bila harufu wala moshi wa kukuonya, na watu hulala wasiamke.

Hatua ya 2: Orodhesha walaji waliobaki

Chukua kila kifaa, zidisha wati zake kwa saa kinazofanya kazi kwa siku. Huu ni mfano wa vani ya watu wawili wanaopikia gesi:

Friji ya kompresa ya volti 12, wati 45, ikizunguka nusu ya siku: 540
Feni ya darini, wati 20 kwa saa 10: 200
Kompyuta ya mkononi, wati 60 kwa saa 3: 180
Taa nne za LED za wati 4, kwa saa 5: 80
Simu mbili: 30
Pampu ya maji, wati 40 kwa robo saa: 10

Jumla ni wati-saa 1,040. Ongeza asilimia 15 ya upotevu wa nyaya na vifaa, unafika 1,200 hivi. Friji peke yake ni nusu ya hesabu. Ndiyo maana kuongeza unene wa kinga ya joto kuzunguka friji, na kuiachia nafasi ya kupumua nyuma, kunalipa kuliko kuongeza paneli. Ipe tundu la hewa chini na lingine juu ya kabati ili hewa ya moto ipande na kutoka. Friji iliyobanwa kwenye kabati lisilo na tundu inazunguka bila kupumzika.

Friji za gesi za mtindo wa kunyonya, zile zinazokubali gesi, volti 12 na umeme wa ukutani, ziko kimya na kwenye gesi zinafanya kazi vizuri gari likiwa limesimama sawasawa. Kwenye volti 12 zinavuta zaidi ya wati 100 mfululizo bila kupumzika. Ukinunua ya namna hiyo, ile volti 12 itumie wakati injini inanguruma tu.

Sasa rudisha jiko la umeme kwenye orodha uone linavyoibadilisha. Lita tatu za maji moto kwa siku ni wati-saa 360. Milo miwili ya kawaida, kila mmoja wati-saa 350, ni 700. Jumla ya siku inaruka kutoka 1,200 hadi karibu 2,250. Jiko limekula karibu sawa na vitu vingine vyote pamoja.

Hatua ya 3: Betri

Panga betri ya siku mbili bila jua. Kwa mfano wetu wa gesi hiyo ni wati-saa 2,400.

Betri ya asidi, iwe ya maji au kavu, inadumu ukiishia nusu yake. Kwa hiyo unahitaji kununua wati-saa 4,800, sawa na ampea-saa 400 kwa volti 12, na uzito wake unapita kilo 100. Betri ya lithiamu ya aina ya LiFePO4 unaweza kuitumia hadi asilimia 80 au 90 bila kuiumiza, hivyo ampea-saa 210 hadi 250 zinatosha, kwa uzito wa kilo 25 hadi 30 hivi. Inavumilia pia mizunguko maelfu ya kujazwa na kutumika, wakati ya asidi huhesabiwa kwa mamia. Kwenye gari ambalo kila kilo inahesabiwa na mizani ya barabarani, mimi sioni tena sababu ya asidi, labda kama tayari unayo na inafanya kazi.

Lithiamu ina masharti yake. Kwanza, isichajiwe ikiwa chini ya nyuzi 0. Inaharibika kabisa, na haiponi. Kama utalala penye baridi, weka betri ndani ya chumba unachokipasha joto, au nunua yenye kipasha joto chake. Pili, angalia kikomo cha ampea cha BMS, ile saketi ya ulinzi iliyo ndani ya betri. Betri nyingi za ampea-saa 100 haziruhusu zaidi ya ampea 100 kutoka bila kukoma. Inveta ya wati 2,000 ikifanya kazi yote inavuta ampea 175 hadi 185. Ukiwasha jiko, BMS inakata, gari zima linaingia giza, na utadhani betri imekufa.

Tatu, volti haikwambii lithiamu imebaki kiasi gani, kwa sababu inakaa karibu palepale kutoka asilimia 90 hadi 20. Funga kipimo cha shanti kwenye upande wa hasi. Kinahesabu ampea zinazoingia na kutoka. Nyaya zote za hasi zipite kwenye shanti kabla ya kufika betri. Waya mmoja ukiuruka, hesabu yote inakuwa ya uongo.

Ukiunganisha betri mbili sambamba, zijaze zote kwanza, moja moja, mpaka volti zilingane. Kisha chukua chanya kutoka betri ya kwanza na hasi kutoka ya mwisho, kimshazari, ili zichoke sawa.

Hatua ya 4: Jua na injini

Paneli ya wati 100 hupata jina hilo maabara, chini ya mwanga wa wati 1,000 kwa mita ya mraba na seli zikiwa na nyuzi 25. Juu ya paa la vani imelala bapa, ina vumbi, na juani inapata moto sana. Kila nyuzi moja ya joto juu ya 25 inaipunguzia nguvu asilimia 0.3 hadi 0.4. Mimi huhesabu asilimia 70 ya namba iliyoandikwa. Kwa mahali penye jua kamili la saa 5 kwa siku, wati-saa 1,200 zinataka paneli za wati 343, nunua 400. Hizo zinachukua kama mita 2 za mraba. Mfumo wa kupikia umeme mtupu utataka karibu wati 650, zaidi ya mita 3 za mraba, na hapo dirisha la paani na feni vinaanza kugombania nafasi.

Acha pengo la vidole viwili au vitatu kati ya paneli na bati ili hewa ipite. Usipange paneli mahali feni au rafu ya mizigo itaziangushia kivuli. Kivuli kidogo kwenye kona moja kinaweza kupunguza nguvu ya paneli nzima.

Chaji kontrola, kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unaoingia betrini, iwe ya MPPT, ile inayogeuza volti za ziada za paneli kuwa ampea. Ile ya bei rahisi, PWM, inavuta volti ya paneli chini hadi ilingane na betri, na tofauti inapotea. Jambo la kuangalia ni volti ya juu kabisa inayoruhusiwa kuingia. Tuseme una paneli nne, kila moja volti 22 bila mzigo, na kontrola yako kikomo chake ni volti 100. Ukizifunga zote nne kwa mfululizo unapata 88, unaona uko salama. Asubuhi ya baridi kali volti za paneli zinapanda kwa asilimia 10 hivi, na sasa uko 97. Umebakiza kidole. Funga mbili mbili kwa mfululizo, kisha jozi hizo mbili sambamba: volti 44, na kivuli kikigusa jozi moja, nyingine inaendelea kufanya kazi.

Chanzo cha pili ni altaneta ya gari, ile jenereta inayozungushwa na injini. Usiunganishe betri ya lithiamu moja kwa moja na altaneta kwa waya na swichi peke yake. Lithiamu inakubali kila ampea inayopewa, na altaneta ikilazimishwa kutoa nguvu zote wakati injini inazunguka polepole gari likiwa limesimama, inapata moto mpaka inaungua. Magari mengi ya sasa pia yanashusha volti ya altaneta kusudi yaokoe mafuta, hivyo betri ya nyuma haijai. Kati ya betri ya gari na ile ya nyuma weka chaja ya DC kwa DC, inayodhibiti volti na ampea zinazopita. Ya ampea 30 inatoa karibu wati-saa 400 kwa kila saa ya safari. Masaa matatu barabarani yanajaza siku nzima ya mfano wetu, hata mvua ikinyesha.

Hatua ya 5: Inveta

Kama unapikia gesi, huenda huihitaji. Simu, kompyuta, taa, feni, pampu na friji vyote vinapatikana kwa volti 12, bila kupita njia ndefu ya kupandishwa na kushushwa. Ukihitaji, chukua inayotoa wimbi safi la sainusi, yaani umeme laini kama wa ukutani, maana majiko ya induksheni na maikrowevu mara nyingi hayaelewani na wimbi la bandia. Na izime usipoitumia. Inveta kubwa iliyowashwa bila kazi inaweza kula wati 15. Kwa saa 24 hiyo ni wati-saa 360, zile lita tatu za maji moto.

Upande wa volti 230 au 120 uwe na swichi ya RCD ya miliampea 30, inayokata umeme ukivuja, na fundi mwenye leseni akukagulie unavyofungwa na bodi ya gari.

Hatua ya 6: Nyaya na fyuzi

Hapa ndipo mifumo mingi inapofia, na yangu ya kwanza ilifia hapa. Nilikuwa na betri ya asidi na friji nzuri, na aliyenifungia alitumia waya mwembamba wa milimita 1 ya mraba, mita 5 kutoka betri hadi friji. Mchana ilifanya kazi. Usiku wa manane nikasikia kompresa inajaribu kuwaka, inanguruma nusu sekunde, inanyamaza. Baada ya dakika moja inajaribu tena. Nikapima betri: volti 12.3, hali ambayo haikupaswa kuisumbua friji. Nikazungukia nyuma ya friji, nikashika ncha za mita ya volti kwenye plagi yake na kusubiri. Kompresa ilipojaribu, mita ilishuka mpaka 11.2. Friji ilikuwa imewekwa ikate kwenye 11.8. Betri ilikuwa na umeme. Ulikuwa unaishia njiani.

Kanuni ni nyepesi. Zidisha 2 kwa urefu wa waya kwa mita, kwa ampea, kwa 0.0175, kisha gawanya kwa unene wa shaba kwa milimita za mraba. Jibu ni volti zinazopotea. Kwangu ilikuwa 2 × 5 × 6 × 0.0175 ÷ 1, volti 1.05. Nilipoweka waya wa milimita 4 za mraba upotevu ulishuka hadi 0.26, na friji haikunyamaza tena. Lenga upotevu usiozidi asilimia 3, yaani volti 0.36 kwenye mfumo wa volti 12. Ile 2 mwanzoni usiisahau: umeme unakwenda na kurudi.

Inveta ya wati 2,000 inataka nyaya nene za milimita 50 hadi 70 za mraba, fupi kadiri inavyowezekana. Soma kijitabu chake na ufuate unene wanaousema. Ukiona nyaya za namna hiyo zinakushinda bei au nafasi, fikiria mfumo wa volti 24; ampea zinakuwa nusu.

Fyuzi inalinda waya, hailindi kifaa. Kwa hiyo ukubwa wake unafuata uwezo wa waya, nayo inakaa karibu na betri, si karibu na kifaa. Fyuzi kuu iwe ndani ya sentimita 20 kutoka kichwa cha chanya. Waya unaotoka betri ukitembea mita mbili bila fyuzi na kusuguliwa na bati, hakuna cha kuuzuia usiwake moto. Kwa lithiamu chagua fyuzi kuu ya aina ya Class T. Betri hizi zikipiga shoti zinaweza kutoa maelfu ya ampea kwa mara moja, na fyuzi dhaifu inayeyuka huku cheche zikiendelea kuruka juu ya pengo. Baada ya hapo kila saketi ipate fyuzi yake ndogo kwenye sanduku moja unaloweza kulifikia bila kuhamisha godoro.

Tumia waya wa nyuzi nyingi, unaopindika. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene unakatika kwa mtikisiko. Vichwa vya shaba vibane kwa koleo yake ya kubana, kisha vuta kwa nguvu ya mkono mzima. Kikichomoka sasa, mshukuru Mungu hakikuchomoka barabarani. Kulehemu kwa risasi peke yake sikushauri, kwa sababu waya unakuwa mgumu pale risasi inapoishia na hapohapo ndipo unapokatika. Kila tundu la bati linalopitisha waya livishwe mpira.

Vua pete na saa ya mkononi kabla ya kugusa betri. Pete ikiunganisha spana ya chanya na bati la gari inageuka nyekundu ikiwa bado kidoleni.

Hatua ya 7: Gesi

Propani inachemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, butani karibu na sifuri yenyewe. Kwa hiyo mtungi wa butani asubuhi ya barafu hautoi kitu, hata ukiwa umejaa. Anayekwenda penye baridi achukue propani. Gesi zote mbili ni nzito kuliko hewa. Propani mara moja na nusu, butani karibu mara mbili. Ikivuja haipandi dirishani. Inateremka sakafuni, inajikusanya chini ya kitanda na kwenye mashimo ya bodi, inasubiri cheche.

Kutokana na hilo moja unaelewa kila kanuni ya kabati la mtungi. Kabati lizibwe kabisa upande wa chumba, likifunguliwa kwa nje au kwa mlango unaobana vizuri. Sakafuni mwake liwe na tundu linalotoka moja kwa moja nje, chini ya gari, mbali na bomba la moshi. Ndani yake kusiwe na swichi, inveta, wala betri. Mtungi usimame wima na ufungwe kwa mkanda. Mtungi ukilala, gesi ya majimaji inaingia kwenye regyuleta (kifaa cha kushusha presha ya gesi) na jiko linatema mwali mkubwa kuliko sufuria.

Regyuleta ilingane na presha iliyoandikwa kwenye jiko. Bomba la shaba lipite lilipofungwa imara, na mpira uwe mfupi, wa gesi hasa, kipande cha mwisho tu. Mpira una tarehe. Ukipita muda wake, au ukiupinda ukaona nyufa ndogo kama za udongo uliokauka, utupe. Chagua jiko ambalo kila figa lina kifaa cha kukata gesi mwali ukizimika.

Baada ya kufunga, koroga sabuni na maji mpaka povu liwe zito, paka kwa brashi kila nati na kila kiungo, mtungi ukiwa wazi na jiko limezimwa. Kisha piga magoti na tochi uangalie. Uvujaji mdogo hauonekani mara moja. Unaona povu limetulia, halafu baada ya nusu dakika linazaliwa tone moja jeupe, linakua taratibu kama jicho la samaki. Kiungo hicho kifungue na kukifunga upya, usikikaze tu. Usitafute uvujaji kwa kiberiti. Na hata kama umefunga mwenyewe kwa uangalifu wote, mlete fundi wa gesi mwenye leseni apime presha ya mfumo mzima. Katika nchi nyingi bima na sheria zinadai cheti chake.

Weka vionyo viwili, na usivichanganye. Cha gesi kinakaa karibu na sakafu, kwa sababu gesi inateremka. Cha monoksidi ya kaboni kinakaa kwenye usawa wa vichwa vya wanaolala, kwa sababu hiyo inachanganyika na hewa yote. Mwali wa buluu ni mzuri. Wa njano unaopaka sufuria masizi unakwambia hewa haitoshi au figa limeziba.

Unapopika fungua dirisha la paani na tundu lingine la chini. Kila kilo ya propani inayoungua inazaa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke wa maji, ambao usipotoka unageuka matone kwenye bati nyuma ya mbao na kuleta kutu na ukungu usiouona kwa miezi. Jiko lisiwe kati ya kitanda na mlango pekee: moto ukizuka hapo, umefungiwa. Ukuta wa nyuma yake uwekee bati la chuma kisichoshika kutu lenye pengo la hewa nyuma, pazia lifupishwe, na blanketi la kuzimia moto litundikwe mlangoni, unapoweza kulifikia ukiwa unatoka.

Mtungi funga kwenye valvu yake kila unapoondoka kwenda barabarani.

Hatua ya 8: Kuwasha mara ya kwanza

Toa fyuzi zote. Pima kila waya kwa mita, chanya na hasi, kabla haujagusa kifaa. Funika paneli kwa blanketi. Unganisha betri na kontrola kwanza, weka aina ya betri kwenye mipangilio yake, ndipo uunganishe paneli. Kontrola nyingi zinajitambua kuwa za volti 12 au 24 kutokana na betri, na baadhi huharibika zikipokea paneli kabla ya betri. Kisha rudisha fyuzi moja moja, ukianza na ndogo. Baada ya kila moja gusa viungo kwa kidole. Kilicho na joto kimelegea.

Washa inveta na mzigo mkubwa kabisa utakaoutumia, jiko au sufuria ya presha, kwa dakika 10. Pita na mkono juu ya nyaya nene na fyuzi kuu. Uvuguvugu ni sawa. Joto la kukufanya uondoe mkono si sawa.

Halafu lala ndani ya gari usiku mbili, karibu na nyumbani, bila kuchomeka ukutani. Pika kama utakavyopika safarini. Kila asubuhi na jioni andika asilimia kwenye shanti na wati-saa zilizoingia kutoka kwenye paneli. Hapo utajua friji yako inakula kiasi gani kwa kweli, na kama ile induksheni unaimudu au la.

Ukishatembea kilomita 500 za kwanza, rudi na spana. Kaza upya vichwa vyote vya betri, basbaa (vipande vya chuma vinavyokusanya nyaya) na fyuzi kuu, halafu paka tena sabuni kwenye nati za gesi.